Fundi Funguo na Maswali Yasiyoulizwa

Fundi Funguo hakuwa mtu wa kujisifu, ila kwa jambo moja: kila ufunguo aliouchonga aliupiga tupa mara mbili kichwani. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Duka la vitambaa likaibiwa bila mlango kuvunjwa. Kwenye kitasa ukakutwa ufunguo, una mikwaruzo miwili kichwani. Polisi wakaja kumkamata mezani pake, tupa bado mkononi.

Alipotoka kwa dhamana, mkewe akamwambia, "Baba watoto, tafuta wakili."

"Wa nini? Mtu mkweli hasemewi."

"Haya, bwana mkweli. Chakula nitakuletea gerezani."

Mahakamani mwenye duka akatoa ushahidi, na ufunguo ukainuliwa watu wauone. Hakimu akamgeukia Fundi. "Una swali kwa shahidi?"

Swali hakuwa nalo. Alikuwa ameinama kizimbani akiutazama ufunguo, uso umemchangamka.

"Huo ni wangu, mheshimiwa! Kazi safi kama hiyo mji mzima hamna!"

Hakimu akaandika. Fundi akaifuata ile kalamu kwa macho, mstari hadi mstari. Kosa lile kifungo chake ni miaka saba.

Mkewe hakungoja kuombwa. Kesho yake alikwenda ofisi ya msaada wa kisheria, akarudi na wakili, binti mfupi mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Baba, nani alikuagiza uchonge?"

"Mwenye duka mwenyewe. Alitaka mbili."

"Mbona hukusema?"

"Hawakuniuliza, mwanangu."

"Si ulipewa nafasi ya kuuliza wewe!" mkewe akadakia. "Ukaenda kujipigia debe!"

Kesi ilipoitwa tena, wakili akaomba mwenye duka arudi mbele. Hakupaza sauti.

"Nani aliagiza funguo za duka lako?"

"Mimi."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Ziko wapi?"

"Mmoja huu hapa," akautoa mfukoni. "Mwingine nilimpa shemeji yangu."

"Anao?"

Mwenye duka akatazama dari. "Anasema ulimpotea. Wiki ile ile ya wizi."

Ukumbi mzima ukaguna.

Siku ya hukumu hakimu alipotamka kwamba mshtakiwa yuko huru, Fundi akanyanyuka amweleze mheshimiwa jambo dogo tu kuhusu kile kitasa. Wakili akamvuta shati. Kwenye benchi la nyuma mkewe akakohoa.

Fundi akakaa.