Damu ya Bwana Lapo

Montarvo ni mji mdogo wa Ulaya: hakuna bahari, reli haipiti, na hata mtakatifu wao ni wa kuazima. Wana Bwana Lapo tu, na Bwana Lapo mwenyewe hakuwahi kuzaliwa.

Anayelijua hilo vizuri ni Ersilia Tacconi, mshonaji, miaka sabini na minane, mdomo mkali, magoti mabovu. Mwaka 1968 alijiwa mbio na Oddone, mwenye hoteli isiyo na wageni. Ili wageni waje, Oddone alikuwa ametunga shujaa wa karne ya kumi na nne, Bwana Lapo, aliyerudi vitani anavuja damu huku ameikumbatia bendera ya mji. Shujaa tayari, sherehe tayari, bendera ndiyo hana.

"Dada Ersilia, niazime kitambaa cheupe cha kizamani. Siku moja tu! Jumatatu unacho."

Ersilia alikuwa na shuka la kitani alilolifuma mama yake, la kutandikwa kila binti wa ukoo anapoolewa. Ila Agosti ile, wakipika mchuzi wa nyanya wa kuweka kwenye chupa, sufuria ilipinduka, shuka likapata doa. Alilifua mara tatu. Doa likakaa pale pale. Oddone alipoliona alipiga makofi: "Mungu wangu, na damu ipo!" Basi Ersilia akalishonea mnara mweusi uwe nembo ya mji, akampa.

Jumatatu hiyo haijafika hadi leo.

Oddone akafa, mwanawe Fausto akawa meya, shuka likafungiwa kwenye kioo ndani ya makumbusho. Wazee walioigiza vita kwenye sherehe ya kwanza wakiwa na suruali za kubana za kukodi sasa wanaapa kwamba mababu zao walipigana bega kwa bega na Lapo. Ersilia akifungua mdomo, anaambiwa ni uzee.

Binti yake aliolewa bila lile shuka, Ersilia akameza machungu. Mwaka huu anaolewa mjukuu wake, Noemi, na safari hii Ersilia aliapa hamezi kitu. Alilitaka shuka lake, basi. Balaa ni kwamba Noemi ndiye anayewatembeza wageni pale makumbusho.

"Bibi, unanitia aibu kazini. Ile ni damu. Mimi nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye kijitabu cha makumbusho."

"Kaandika nani?"

"Meya."

"Na meya kaambiwa na baba yake, na baba yake kaambiwa na njaa! Ile ni nyanya, mwanangu, nimeipika kwa mikono hii. Wakapime! Ikiwa damu, nitatambaa kwa magoti haya hadi kwenye kioo chao nikamwombe Lapo msamaha. Ikiwa nyanya, shuka langu linarudi nyumbani."

Fausto alikubali mbele ya mkahawa mzima, wakapeana mikono. Maskini, aliamini kweli. Amekua chini ya ile bendera. Uzi wenye doa ukapelekwa maabara. Umri wa shuka hakuna aliyeuliza.

Majibu yalikuja wiki moja kabla ya harusi: nyanya, chumvi na majani ya rihani. Ersilia alivaa viatu vya kanisani, akabeba kikapu, akaenda kuchukua mali yake. Mlangoni akakuta waandishi wa habari, na Fausto amesimama juu ya kiti, jasho linamtiririka.

"Ndugu zangu, sayansi imesema! Bwana Lapo alikula nyanya miaka mia na hamsini kabla ya merikebu yoyote kurudi na nyanya kutoka Amerika! Ulaya nzima imejifunza kupika kwetu!"

Makofi yakalipuka.

"We Fausto!" Ersilia alipaza sauti. "Tulipeana mikono! Shuka langu!"

"Mama Ersilia, sasa ndiyo kabisa halitoki. Hili ni la dunia nzima."

Ersilia alimtafuta mjukuu wake kwa macho. Noemi alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi huku machozi ya furaha yanamtoka. Bibi wa watu akageuka na kikapu chake kitupu.

Siku ya harusi makumbusho walimletea Noemi zawadi iliyofungwa utepe: kitambaa cha kukaushia vyombo kutoka duka lao, kimechapwa mnara mweusi na doa jekundu. Bibi harusi alikibusu. Wageni walipoanza kucheza, Ersilia alikichukua, akaingia nacho jikoni, akakifua mara tatu. Doa likakaa pale pale.