Breki ya Pili

Mbele ya uso wake walimwita Mwalimu. Akishageuka, wanafunzi wake walimwita Breki, na jina hilo alilistahili. Zaidi ya nusu ya umri wake aliupitisha kwenye kiti cha abiria cha gari la shule ya udereva, mbele yake kanyagio moja tu, ile breki ya pili ya mwalimu. Usukani hana, mafuta hana, gia hana. Mwanafunzi akienda kombo, yeye anakanyaga. Mwanafunzi asipoenda kombo, anakanyaga vilevile, asije akaenda.

Mguu ukifanya kazi hiyo miaka yote, unaota akili zake wenyewe. Hata siku ya mapumziko, mkewe akiendesha pikapu yao, Mwalimu pale pembeni anakanyaga sakafu tupu mpaka kapeti ya upande wake ikatoboka. Mkewe alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Akaitia kiraka. Kiraka nacho kikatoboka, akatia kingine juu yake.

"Unakanyaga nini, mume wangu? Hapo hapana kitu."

"Wewe tazama barabara."

"Barabara naitazama. Anayeniogopesha ni wewe."

Basi mtu huyo, wa kuwazuia wenzake tu maisha yake yote, ndiye aliyeambiwa na daktari kwamba macho yake yanakufa. Presha ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha kwenda bila hata kuaga, la pili lilikuwa njiani. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, dawa itachelewesha kidogo tu, na kuendesha gari aache leo leo. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, akatoka, akakaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akamuuliza kama anasubiri mtu.

Nyumbani hakusema neno. Kazini aliaga kwa kusingizia mgongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, sote tunaujua msemo huo na sote tunaficha.

Haukupita muda, katibu wa klabu moja ya wapenda magari akamwalika akatazame mashindano yao. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, binti mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Klabu yenyewe haikuwa ya matajiri. Muuza dawa, fundi bomba, mwalimu wa hesabu, kila mtu na kigari chake, waliomba siku moja moja ifungwe ile barabara ya lami inayopanda kwenye mnara wa simu, nyuma ya machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Wanapanda mmoja mmoja. Hakuna kubanana na mtu, ni wewe, kona na saa.

Mwalimu alisimama pale pa kuanzia. Akaiona taa ya kijani, maana ilikuwa karibu, na gari halikuondoka.

"Mbona haendi? Si kijani hiyo?"

"Hapa kijani si amri, Mwalimu," katibu akamjibu. "Ni ruhusa. Pale mbele pana mwale usioonekana. Gurudumu likiukata ndipo saa inaanza kuhesabu. Wageni wengi wanakurupuka taa ikiwaka tu, wanaharibu. Unaondoka ukiwa tayari mwenyewe."

Ukiwa tayari mwenyewe! Jamani, nani aliwahi kumwambia Breki maneno kama hayo? Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kama kijana aliyependa. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: akipande kile kilima mara moja, yeye kwenye usukani, bila breki ya mtu pembeni, kabla pazia halijashuka.

Ni wazimu? Ndiyo, ni wazimu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na huyu maji yalikuwa yamemfika puani.

Akalinunua gari la zamani la shule, lililokuwa limestaafishwa uani. Akaifungua breki ya pili kwa mikono yake, akizitafuta nati kwa vidole, akaitupia kwenye kopo la misumari. Kiti cha abiria kikang'olewa. Klabu haitaki kitu kinachochezacheza ndani, hata kapeti haitakiwi, isije ikajikunja chini ya kanyagio. Mkewe alishona kiti kipya cha dereva, kigumu, chenye mbavu za kumshika mtu kwenye kona. Alikishona akiwa kimya, na kimya si tabia yake.

Alipokata uzi wa mwisho akasema, "Na mimi niandikishe. Nimesikia gari moja laweza kupandwa na watu wawili, kwa zamu."

Mwalimu akacheka. "Wewe? Unayeogopa hata matuta?"

"Matuta nayaogopa kwa sababu yako."

Akamwandikisha, kwa mzaha.

Mgeni wa kilima hushauriwa akipande kwanza kwa miguu. Wengi hupanda mara moja wakachoka. Mwalimu alipanda na kushuka wiki nzima, mkewe nyuma yake na mwavuli. Alikuwa anakikariri. Macho hayakumsaidia tena kwa mbali, kwa hiyo alikijaza kilima kichwani kupitia nyayo, na kila hatua aliitamka kwa sauti ili isimtoroke.

"Hapa mtaro, kaa kulia. Lami inabadilika, inakuwa ya kukwaruza, unaisikia? Jiwe jeupe, achia mafuta kidogo. Sasa huyu hapa ndiye mwenyewe, Kisigino." Ndivyo walivyoiita ile kona inayojikunja ikarudi ilikotoka. "Hapa breki moja, nzito, gari likiwa limenyooka. Halafu unakata usukani na huigusi tena. Ukiigusa katikati, mkia unakuaga."

"Breki moja," mkewe akarudia.

"Nzito."

"Nzito, halafu naiacha. Usogee huku, mume wangu, huo mtaro." Akamshika kiwiko. Mwalimu akadhani mwenzake amechoka anatafuta pa kujishikiza.

Lililobaki ni kupimwa macho. Kabla ya kupanda, kila dereva husimama kwenye mstari uliochorwa kwa chokaa, akasoma namba ya gari lililoegeshwa mbali. Na hapa, nisikilizeni, Breki alifanya jambo ambalo kwa miaka yote alikuwa akiwakamatia wanafunzi. Wenye macho mabovu hulitafuta mapema gari la kupimia wakaikariri namba yake. Aliwajua kwa jinsi wanavyosoma haraka mno. Aliwarudisha nyumbani wengi, wengine wakilia, na hakumhurumia hata mmoja.

Sasa yeye mwenyewe, siku ya mazoezi, alilifuata gari la katibu lililokuwa likiegeshwa daima kwenye uzio ule ule, akainama mbele yake akijifanya anafunga kamba za viatu, akaimeza namba. Akaitafuna wiki nzima, bafuni, mezani, kitandani.

Siku ikafika. Mkewe ndiye aliyeendesha pikapu, gari la mashindano likiwa nyuma kwenye tela, maana Mwalimu alidai mgongo umemkaza. Kilima kilijaa moshi na kelele. Mwalimu alivaa ovaroli, kofia ngumu kwapani, kijasho chembamba kikimtiririka. Zamu yake ikafika, akasimama kwenye chokaa.

"Haya Mwalimu wangu," katibu akasema kwa furaha, "nisomee lile pale."

Akaisoma. Herufi moja moja, tarakimu moja moja, bila kukwama.

Nyuma kwenye foleni mtu akacheka.

"Mwalimu, hiyo ni ya gari langu. Leo langu liko juu mnarani."

"Aa... nilikuwa nakutania."

"Na mimi nikashtuka! Si wewe uliyetufundisha kwamba gari la kupimia libadilishwe kila mara, watu wasikariri? Haya, bila utani sasa, watu wanasubiri. Lile jeupe."

Mwalimu akatazama. Alikaza jicho lake lile moja mpaka likatoa machozi. Aliona weupe, basi, kama shuka kwenye kamba. Akabahatisha herufi ya kwanza. Akabahatisha ya pili.

Katibu akamsogelea, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema kwa sauti ndogo.

"Mwalimu. Ile ni pikapu yenu."

Hakungoja kusikia mengine. Aliondoka, akajikwaa kwenye kamba, akafika nyuma ya rundo la matairi, akakaa chini na kulia. Hakulia kile kilio cha wanaume cha kupangusa kwa kidole kimoja. Alilia kama mtoto aliyenyang'anywa, mabega yote mawili. Ndipo alipoelewa kweli yale aliyoambiwa na daktari.

Mkewe akamkuta hapo.

"Waambie nimesahau miwani," Mwalimu akamwambia.

"Huna miwani."

"Basi niombee. Mara moja tu. Kilima chote nakijua, nitakipanda hata ukinifunga kitambaa. Mara moja, halafu wachukue leseni, wachukue kila kitu. Nakuomba, bibie."

"Na wale waliosimama kwenye kona na vibendera, watoto wa watu? Wakihama hatua mbili, nao umewakariri?"

Angekuwa na jibu angekuwa mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyekata tamaa.

"Ulijua?" akauliza mwishowe.

"Mtu anamwaga chai nje ya kikombe, halafu anaigombeza meza. Nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Mimi ni mkeo, si askari wa barabarani." Sauti ilimkatika hapo, akaitafuta, akaipata. "Nipe hiyo kofia."

Mwalimu akaikumbatia kofia. "Gari ni langu."

"Ni lako. Basi niambie nisipande."

Alitaka kumwambia. Neno lilimfika kwenye meno. Wivu, ndugu zangu, wivu mtupu. Kisha akanyoosha mkono na kofia ikachukuliwa, hakuona na nani, ila vidole vyenye sugu za sindano alivijua.

Mkewe alipita kwenye chokaa na kuisoma namba ya gari jingine upesi, kwa hasira. Mwalimu akasogezwa kwenye uzio karibu na mstari. Taa ikawaka kijani. Gari likaunguruma, halikuondoka. Watu wakaanza kunong'ona. Yeye mwenyewe mdomo ulikuwa tayari kupiga kelele, "Nenda!" kama alivyowapigia maelfu, akaung'ata.

Mkewe akaondoka alipokuwa tayari.

Baada ya hapo Mwalimu alikuwa na masikio tu. Akausikia mtaro. Akayasikia magurudumu yakiingia kwenye lami ya kukwaruza, kisha mafuta yakiachiwa, kidogo, pale kwenye jiwe jeupe. Kisigino kilikuwa kinakuja, na gari bado linavuma, bado linavuma. Anachelewa, Mungu wangu, anachelewa! Mguu wake wa kulia ukajikanyagia wenyewe ardhini kwa nguvu zote, mpaka mtu wa jirani akaruka. Na juu huko, wakati huo huo, injini ikashuka. Mara moja, nzito. Kisha ikapanda tena na haikushuka mpaka mwisho.

Kipaza sauti kikatangaza muda wake. Alikuwa wa mwisho kasoro mmoja, na huyo mmoja alikuwa mtaroni anasubiri kuvutwa. Watu wakashangilia. Mwalimu hakushangilia. Ningependa kuwaambia kwamba alifurahi, lakini sitawadanganya. Alisimama pale akijua kwamba kilima kimepandwa, kimepandwa vizuri, kwa maneno yake yote, na si yeye aliyekipanda, wala hatakipanda tena kamwe.

Walirudi jioni, gari kwenye tela, mkewe kwenye usukani wa pikapu. Barabara ilikuwa na kona na malori. Mkewe alikuwa akimtupia jicho. Mwalimu alikuwa ameikunja miguu yake chini ya kiti, mbali na ile kapeti yenye viraka.

"Mbona hukanyagi?" akamuuliza.

"Sioni cha kukikanyagia."

Mkewe akaendesha kidogo. Kisha akapunguza mwendo.

"Kuna lori mbele," akasema. "Limebeba magogo, linakwenda taratibu. Nyuma yake pikipiki. Halafu kona, ya kulia, imejikunja kama Kisigino. Naikaribia sasa."

Mwalimu akatega sikio.

"Naikaribia, mume wangu, na nakwenda mbio. Kanyaga!"

Mguu ukatoka chini ya kiti, ukanyooka.

"Nzito," mkewe akasema. "Kapeti nitashona nyingine."

Akakanyaga.