Behewa la Shaba na Kiti cha Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, Nyamizi mjukuu wangu, nikiwa msichana ambaye bado hajaposwa, baba mdogo wangu aliponiamuru niinuke mbele ya moto nami nikakataa kuinuka. Nakusimulia kwa sababu jana uliniambia kwamba unataka kuacha kuchomelea chuoni uhamie upishi, eti wavulana wanakucheka. Andika hivyo hivyo ninavyosema. Usilainishe.

Baba yangu alikuwa fundi bati hapa mtaani Ng'ambo. Alitengeneza vibatari, ndoo, na keni za kumwagilia miche ya tumbaku. Wazee wake walikuwa wahunzi, na katika ukoo wao mwanamke alikatazwa kukaa mbele ya moto wa kazi, wala hakuruhusiwa kuuvuka mvuo unaoupuliza. Lakini macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu, na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyemlehemia, mlango ukiwa umerudishwa, ili majirani waendelee kuamini kwamba ile ilikuwa kazi ya mkono wake. Baba mdogo Maganga alipopata habari hizo alikuja kutoka Urambo kuchukua vyombo vyote. Vikienda, karakana ingekufa, nami ningepelekwa kwa shangazi kungoja mume.

Alikuwa ameanza kuvifunga ndani ya gunia alipoingia jirani yetu Mzee Hamisi, gadi mstaafu wa treni za mizigo.

"Mwangaluka, fundi. Leo nimekuletea kazi ya ajabu."

Mzungu mmoja aliyefanya naye kazi relini alikuwa amemwachia zawadi alipokuwa akirudi kwao. Ilikuwa bamba la shaba ya manjano, jembamba kuliko bati lolote nililowahi kushika, ambalo ndani yake vilichongwa, kwa dawa inayokula shaba, vipande vya behewa la gadi, lile la mwisho wa treni: kuta, milango, ngazi, hata vichwa vya ribiti. Ukivikata, ukavikunja na kuvilehemu, unapata behewa la kukaa kiganjani. Mzee Hamisi alitaka kuliona tena lile behewa alimomalizia ujana wake.

Baba alilipapasa bamba lile kwa vidole, kisha akasema, "Atakayeliunganisha ndiye atakayebaki na vyombo."

"Unanishindanisha na huyu binti?" aliuliza baba mdogo.

"Na yeyote mwenye mkono."

Baba mdogo alitangulia, kwa kuwa alinizidi umri. Sisi watu wa bati huchora mstari kwa msumari, kisha tunakunja huku mstari ukibaki nje, tuuone. Naye akaikunja shaba vivyo hivyo, kwa kuufuata mfereji mwembamba uliochongwa juu yake. Ngazi ikakatika mkononi mwake. Akachukua chuma kile kikubwa cha kulehemia ndoo, akaunganisha pembe ya kwanza. Alipoigusa ya pili, joto likakimbia ndani ya shaba na ile ya kwanza ikafumuka.

"Ni huyu!" alifoka akinionyesha kidole. "Ameuvuka mvuo. Moto umekataa."

"Moto haujakataa, baba," nilimjibu. "Umekuzidi mbio."

Mzee Hamisi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Baba yangu hakucheka. Aligonga kwa fimbo kiti chake kifupi cha kazi kilichokuwa mbele ya moto, nami nikakaa.

"Kalunde, inuka hapo!" baba mdogo aliniamuru.

"Siinuki, baba."

"Utauletea ukoo mkosi!"

"Basi uzime moto wewe. Maji yale pale ndooni."

Aliitazama ndoo. Akamtazama kaka yake, aliyekuwa ameuelekeza uso kwenye joto la makaa asiyoyaona tena. Hakuigusa ndoo.

Niliikunja shaba kuelekea upande wa mfereji, ukamezwa ndani ya mkunjo, na kipande kikasimama wima. Nilichagua chuma kidogo kuliko vyote na chembe ya risasi ya kulehemia kama punje ya ulezi. Nikachana upindo wa kanga yangu, nikaulowesha maji, nikaufunga kwenye kila pembe iliyokwisha kushika, ili joto la pembe mpya lisiifikie. Ngazi iliyovunjika niliirudishia jinsi ilivyowezekana, ikakaa imepinda.

Baba alilipokea behewa, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila ukingo. Ukucha ulikwama kwenye pembe ya nyuma.

"Hapa umeogopa. Umerundika risasi. Kwangua. Fundi wa ukoo huu haachi uvimbe."

Nilikwangua. Baba mdogo naye alikuwa amelisikia neno lile, fundi. Aliviacha vyombo guniani, akaenda kungoja treni ya Urambo mikono mitupu. Sikumkimbilia kumwomba radhi, na sijaiomba hadi leo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mimi sikusoma, lakini kukemewa nimekemewa sana. Yule anayekukosoa kazi amekwisha kukupa kiti. Mtii, kwangua, hata kama amekuumiza. Yule anayekukosoa kukaa kwako hapo hataridhika ukilehemu vizuri wala ukilehemu vibaya, kwa hiyo usimpe machozi wala maelezo. Mwonyeshe ndoo ya maji, halafu uendelee na kazi. Hao wavulana wamewahi kukuambia mshono wako una kasoro gani? Kama hawajawahi, hawajasema neno.

Mzee Hamisi alipokaribia kufa aliagiza behewa lile lirudishwe kwangu. Lipo kabatini, lichukue, ni lako. Ngazi imepinda. Usiinyooshe.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na wanao wakukute kitini. Haya, weka kalamu chini. Vaa glavu zako uende chuoni.