Diski Iliyokuwa Imejaa

Nilikuwa mwalimu wa fizikia Karatu katika miaka ambayo kompyuta zilianza kuingia sebuleni mwa watu. Zilikuja zikiwa zimechoka. Nyingine ziliachwa na watafiti waliomaliza kazi zao kwenye kreta ya wanyama iliyo jirani, nyingine zilinunuliwa Arusha baada ya kutumika ofisini miaka mingi. Watu walizifunika kwa vitambaa vya kufuma, na vumbi letu jekundu likapita chini ya vitambaa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya majuma sita, na hiyo ilitosha kunifanya fundi wa mtaa mzima.

Niliipenda kazi hiyo, na zaidi nilipenda kueleza. Mtu akisema haelewi, nilivuta kigoda, nikatafuta mfano wa shambani au jikoni kwake, na sikuondoka mpaka nione uso wake umelainika. Hata leo naamini hakuna mtu asiyeweza kujifunza kompyuta. Naliandika hilo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumkatisha mtu tamaa.

Jirani yangu alikuwa mjane, mtu wa Rombo, mwenye duka la nafaka nyuma ya soko. Mume wake alikuwa dereva wa watalii na rafiki yangu, kwa hiyo nilimwita shemeji, naye akaniita mwalimu kama wengine. Mgeni mmoja aliwahi kumwachia huyo rafiki yangu kamera ya dijitali. Kwa mwaka mmoja na nusu alipiga picha kila kitu: kuku, gari lililokwama Buger, mkewe akipepeta maharage ya ngwara, mtoto wao akijaribu kusimama. Zote alizihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani. Hakusafisha hata moja kwenye karatasi, maana kusafisha kulikuwa Arusha na hakuona haraka ya nini. Kisha akaugua, na baada ya miezi minne tukaenda kumzika kwao.

Yeye mwenyewe hakuonekana kwenye picha hizo, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera. Isipokuwa moja. Siku gari lilipokuwa halina wageni aliwachukua mke na mtoto mpaka ukingoni mwa kreta, na mtalii mmoja akawapigia picha. Amembeba binti begani, amevaa ile kofia yake pana, anacheka. Nyingine iliyobaki duniani ilikuwa ya leseni ya udereva. Binti alipofika miaka sita alionyeshwa hiyo ya leseni, akauliza kwa nini baba amekasirika.

Ndipo shemeji alipoamua kuichapisha ile ya kreta. Alinunua flashi, akaitia picha, akaenda steshenari mjini. Flashi ikachomekwa kwenye mashine yao, halafu wakamwambia wino umeisha, arudi Jumatatu. Akarudi nyumbani, akaichomeka tena kwenye kompyuta yake ahakikishe picha bado imo.

Jumapili, baada ya ibada, aliniita. Ukungu wa Julai ulikuwa bado haujaondoka barabarani.

"Mwalimu, hii inaumwa," alisema. "Folda ziko, lakini nikizibonyeza hazinionyeshi kitu. Na flashi nayo hivyo hivyo."

"Usihofu. Umeuwahi ugonjwa mapema."

Nilikuwa na sidii ya kuua virusi niliyoinunua Arusha. Nikaiweka, ikaanza kupekua. Nilimweleza kwamba kirusi ni programu tu iliyoandikwa na mtu, haina uchawi, na kwamba huingia kupitia flashi kama kupe anavyohama ng'ombe kwa ng'ombe kwenye josho bovu. Aliitikia kwa kichwa. Sidii ilikamata mamia, ikauliza kama ifute. Nikasema futa.

Tulipofungua tena, folda zote hazikuwepo. Hata yale majina aliyoyaandika mumewe hayakuonekana.

Nilitafuta kila mahali nilipojua. Hapana kitu. Katika kutafuta nikafungua lile duara linaloonyesha diski, lenye rangi mbili, na yeye akainama karibu.

"Hiki nini?"

"Kinaonyesha nafasi. Buluu ni palipojaa, pinki ni palipo wazi."

"Mbona karibu pote ni buluu?"

"Ndiyo, pamejaa."

"Kama picha hazimo, pamejaa nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika miaka ile, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne nikiwahesabu. Mimi sikuwa na jibu. Lakini nilikuwa na mfano.

"Wewe ni mtu wa mahindi," nilisema. "Gunia likiingiwa na dumuzi, ukilitazama kwa nje likoje?"

"Limejaa."

"Na ukilifungua?"

"Unga mtupu."

"Basi ndivyo ilivyo. Kirusi kimekula picha, kimeacha unga wake. Diski inaonekana imejaa, lakini imejaa uchafu."

"Ila mwalimu, unga wa dumuzi ukiuchekecha, punje nzima hazikosi. Mimi nimewauzia watu punje hizo, usinitangaze." Akacheka, mara ya kwanza tangu niingie. "Huwa hawamalizi gunia zima hao."

"Kwenye kompyuta hakuna chekeche, shemeji."

Nilisema kwa upole sana. Sauti yangu ya siku hiyo naikumbuka vizuri, na natamani ingekuwa ya ukali, maana mtu akifokewa hubisha. Nikamweleza kwamba njia iliyobaki ni kufomati, yaani kufuta diski yote na kuipanga upya kama shamba linalochomwa kabla ya kulimwa.

"Na dumuzi watakufa wote?"

"Wote."

"Na yeye?"

Nilichukua muda kuelewa anamsema nani. "Yeye hayumo tena humo. Nisikudanganye."

Alikwenda jikoni, akaniletea chai ya tangawizi, akaiweka kwenye stuli. "Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Fanya."

Nikafanya, diski na flashi pia. Ili nyumba isibaki na huzuni, juma lile nilirudi na flashi ile ile imejaa nyimbo za kwaya za video na katuni za mtoto, nikaijaza diski karibu yote. Binti alicheza mpaka akaanguka. Mama yake alinishukuru.

Mwaka uliofuata tuliitwa semina ya walimu Arusha. Mashine ya ukumbini ilikuwa na ugonjwa uleule: folda zinazobonyezwa na hazifunguki. Nikamwambia fundi wao, kwa kujiamini kabisa, kwamba hiyo imekwisha, aifomati.

"Kwa nini, mwalimu? Faili zimo."

"Zimeliwa."

"Kirusi hiki hakili. Kinaficha folda yako, halafu kinaweka mahali pake kitu cha bandia chenye jina lile lile. Ukiua cha bandia, unaona patupu. Tazama duara, si limejaa?"

Akafungua ukurasa wa mipangilio, akaweka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, kile cha kuonyesha faili zilizofichwa. Folda zikatokea zote, rangi yake imefifia, kama nyumba za ng'ambo ya barabara asubuhi za Julai.

Kama una kompyuta nyumbani na siku moja ukaona patupu, tafadhali kaa chini kwanza. Tazama duara. Likiwa limejaa, usifute chochote, weka alama kwenye kisanduku hicho, na ukishindwa muulize mwingine. Ni kazi ya dakika mbili. Nimewafundisha wengi tangu siku ile na wote wameweza.

Nilipomsimulia yangu, fundi alinipa programu ya kuokota vilivyofutwa. Aliniuliza kama baada ya kufomati niliingiza vitu vipya. Nilipomjibu, alisema, "Jaribu tu." Ndani ya basi la kurudi nilitunga maneno mengi. Nilipofika dukani kwa shemeji, nikamkuta ameshika ungo, yalinitoka machache.

"Zilikuwemo, shemeji. Siku ile. Zilifichwa tu. Mimi ndiye niliyezifuta."

Aliendelea kupepeta. Makapi yalimwangukia miguuni. Kisha akauliza, "Kwa hiyo niliuliza vizuri?"

"Uliuliza vizuri."

"Na ulijua hujui?"

"Nilijua," nilisema.

Tuliiwasha programu ile asubuhi ya Jumamosi. Ilitembea mpaka alasiri, na yeye hakufungua duka siku hiyo. Ilileta vipande vya kwaya, vipande vya katuni, vitu vyangu mwenyewe. Katikati ya vipande hivyo ikaleta picha tisa. Nane zilikuwa za kuku na magari. Ya tisa ilifunguka polepole kutoka juu: anga, ukingo wa mbali wa kreta, mkono mdogo wa mtoto umeshika ukingo wa kofia pana. Chini ya kofia palianza rangi ya kijivu iliyokwenda mpaka mwisho wa picha.

Nilisubiri, nikidhani bado inafunguka. Nikaibonyeza tena. Nikaifungua kwa programu nyingine. Nikaanza kumweleza kwa nini inakuwa hivyo, jinsi nyimbo zilivyolalia nusu ya picha.

"Basi, shemeji," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Usinieleze."

Aliniomba niichapishe jinsi ilivyo. Niliichapisha mjini, na nikahakikisha wino upo. Ameitundika sebuleni, juu ya kompyuta, ambayo sasa haiwashwi. Wageni huuliza ile kijivu ni nini. Binti, ambaye siku hizi ni mrefu kuliko mama yake, huwajibu kwamba baba yake yuko hapo chini ya kofia. Nikiwa nimekaa kwenye kochi, natazama chai yangu.