Mkono Mmoja wa Kumlisha

Wiki iliyopita tulimzika jirani yangu wa hapa Kasenga, yule fundi wa kuchomelea mageti ambaye nyua nyingi za mtaa wetu zinafungwa kwa kazi yake. Presha, walisema. Asubuhi alipanda pikipiki kwenda hospitali huku akimkemea dereva aende polepole, na kabla jua halijatua tukaambiwa tutafute sanduku. Tangu hapo najaribu kuandika juu yake, wasomaji wangu, lakini kila nikikaa mezani ninayemwona ni mbwa wake. Mtanivumilia basi nikianzia kwa mbwa.

Alimpata kwa mfugaji mmoja wa Rurambo, akamteremsha mlimani ndani ya kikapu, bado kitoto kisichojua hata kubweka. Siku hizo wezi walikuwa na mtindo wa kutupa nyama yenye sumu juu ya ukuta, na mbwa wengi wa mtaa walikuwa wameshakufa hivyo. Fundi akaapa kwamba wake hatakufa kwa tamaa. Kwa hiyo, kabla ya kumfundisha kukaa au kuja akiitwa, alimfundisha kukataa chakula. Walimu tulikuwa sisi majirani. Alituita mmoja mmoja, tukachuchumaa mbele ya mbwa na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kiganjani, yeye amesimama getini ameshika kamba iliyofungwa shingoni mwa mwanafunzi wetu.

“Weye umupe tu, jirani,” aliniambia. “Akikamata, minye niko navuta.”

Nikampa, akakamata, akavutwa, akalia. Tulicheka sana. Baada ya muda, mbwa alipouona mkono wangu aligeuza uso kwa adabu, kisha akatazama getini, ambako fundi alipiga makofi na kumsifu kama mtoto aliyepata diploma. Hapo tu ndipo alipomletea ndagala kwenye kiganja chake mwenyewe na kumwambia “kula”. Kilichowekwa chini nacho alifundishwa kutokigusa. Mke wake pia alipangwa katika zamu ya kukataliwa. Mama yule alilalamika, akauliza itakuwaje mume akisafiri. Fundi alimjibu kwamba mbwa bado ni mtoto, akikomaa atafundishwa kupokea kwa mkono wa pili pia. Mwaka ukapita, mbwa akakomaa, kazi za mageti zikawa nyingi.

Sasa mbwa hali. Wakati wa matanga tulijaribu wote, na maharagwe, na ugali, na mifupa ya mbuzi ambayo mbwa mwingine angepigania. Anageuza uso. Sahani ikiachwa chini anaizunguka kwa mbali. Mganga wa mifugo alijaribu kumtilia maziwa mdomoni, mbwa akauma meno mpaka maziwa yote yakamwagikia kifuani. Anakunywa maji ya mvua tu, na mbavu zake zinaonekana. Nimeishi mjini hapa miaka mingi na nimeona mambo ambayo sikuweza kuyazuia, lakini sijapata kushindwa namna hii, kushindwa na mnyama anayetii.

Juzi mjane alitoa glovu za ngozi za marehemu, zile za kuchomelea, bado zina harufu ya chuma na jasho lake. Akavaa ya kulia, akaweka ndagala juu yake. Mbwa akasimama. Akainusa glovu, akairamba, mkia ukaanza kutikisika, nasi tukashika pumzi. Kisha akakaa chini vizuri, akasubiri. Mama akasema “kula”. Mbwa akamtazama usoni, akageuka kutazama geti, akalala. Mama alivua glovu, akaipangusa kwa kitenge chake.

“Alimufundisha kukatala, papa,” aliniambia. “Ya kukubali, kila siku alisema ngoja.”

Nilirudi nyumbani nikifikiria jinsi sisi sote wa mwambao huu wa ziwa tulivyolelewa. Tumeibiwa, tumekimbia, tumerudi tukakuta milango imevunjwa, na kila mara tumewafundisha watoto wetu somo lile lile: usipokee, usiamini, usifungue. Hatukukosea, maana sumu ilikuwapo kweli. Na fundi hakukosea pia. Mbwa wake ni mmoja wa wachache waliobaki hai mtaani. Lakini somo la woga halikawii kuingia, na lile la kuamini tunaliahirisha mpaka hali itulie, na hali haitulii. Ukienda makanisani, kwenye vyama vya wavuvi, hata majumbani mwetu, utakuta jambo zima limewekwa mkononi mwa mtu mmoja, naye anasema wengine bado hawajakomaa.

Ninachoweza kuwaambia ni hiki tu: ukimfundisha unayempenda kukataa, usilale kabla hujamwonyesha mkono mwingine wa kupokea. Mimi nimechelewa kulijua hilo. Kila jioni ninavuka barabara, ninachuchumaa pale pale tulipochekea, ninafungua kiganja. Jana pia aligeuza uso. Kisha, kwa kuwa alikuwa amefanya vizuri kama tulivyomfundisha, akatazama getini, akangoja kusifiwa.