Waliomlilia Bukuru

Umekwisha kumuona mama mzima, mwenye akili zake timamu, akilia mpaka sauti inakatika kwenye kilio cha muntu asiyemjua hata jina? Usinijibu haraka. Nilipokuwa mtoto, pale Songo, chini ya mlima wa Uvira, mama huyo alikuwa wangu, na aliyekokotwa kwa mkono kwenda naye ni mimi.

Vilio havikukosekana. Vita ya kwanza ilipita tukadhani imeisha, kumbe ilikuwa imeenda kumwita mdogo wake. Asubuhi tukisikia sauti za wanawake zikipanda, mama alikuwa anaacha kila kitu, unga kwenye ungo, nguo kwenye beseni. Anajifunga kitenge cha pili, ananishika, tunaenda. Hatuulizi nani amekufa. Tukifika, anapita katikati ya wenye msiba kama mtoto wa nyumba, anakaa chini, anaanza. Na alikuwa analia vizuri, franchement. Wafiwa wenyewe walikuwa wananyamaza kumsikiliza.

Majirani wakasema anafuata sombe ya bure, yale majani ya muhogo yanayopikwa msibani. Kulikuwa na mama mmoja muuza mawese, mlango wa pili kutoka kwetu, aliyekuwa akimwona mama anajifunga kitenge anamwambia, "Mama Mapasa, leo wanapika nyama, usichelewe." Watu wanacheka.  Na hiyo sombe mama hakuigusa hata siku moja. Sahani yake nilikuwa naimaliza minye, mimi mtoto.

Mama Mapasa. Kwetu, Warundi wa bonde la Ruzizi, mwanamke akizaa mapasa, yaani mapacha, jina lake la zamani linakufa. Tulizaliwa Nyakabere, mimi na kaka yangu. Yeye akatangulia, wakamwita Bukuru. Mimi nikafuata, wakaniita Butoyi. Hayo majina hakuna anayeyachagua, yanangoja kila mapasa. Watu wakacheza uwanjani na kuimba zile nyimbo za matusi ambazo siku nyingine zingekupeleka mbio kwa padiri kuungama. Toka hapo sheria zikaanza. Ukimnunulia mmoja nguo, mnunulie na mwingine. Ukimchapa mmoja, mguse na mwingine. Nilichapwa sana kwa makosa ya Bukuru.

Na sheria iliyo kubwa kuliko zote: mmoja wa mapasa akifa, halilwi. Wenye damu yake hawatoi chozi na hawasemi amekufa. Wanasema ameenda kuokota kuni. Ukimlilia atakusikia, atageuka nyuma, na akirudi hatarudi kukaa. Atarudi kumchukua mwenzake.

Bon. Vita ilipofika Nyakabere tulikimbia na barabara ya bonde kuelekea Uvira, mama, Nyokuru, Bukuru na mimi. Nyokuru ni bibi yetu, mama wa baba. Baba mwenyewe alikuwa Bujumbura akisaka kazi, na mpaka ulikuwa umefungwa. Njiani Bukuru akaanza kuhara na kutapika. Mama akamweka mgongoni, akakaza mwendo mpaka kwenye dispensaire moja, zahanati iliyokuwa mbele yetu. Hapakuwa na muganga. Wenye bunduki walikuwa wametangulia kupita, wakabeba serum, yale maji ya kutundikia wagonjwa, wakabeba magodoro, wakabeba hata milango. Nakumbuka mama amesimama pale penye mlango usiokuwepo, anapiga hodi. Nyumba tupu, unaona ukuta wa nyuma, na yeye anapiga hodi.

Bukuru alikufa kabla hatujafika Kavimvira. Mama hakumgeukia kumtazama. Alijua kwa uzito. Wanaume wawili tuliokuwa tunakimbia nao walikuwa na majembe, wakachimba kando ya shamba la mpunga, haraka haraka, kwa sababu nyuma kulikuwa kunalia bunduki. Walipomaliza, mama akafungua kinywa. Nyokuru akakiziba kwa kiganja, bila ukali, namna unavyomzuia mtoto asimeze kitu.

"Ntumuririre," akamwambia kwa Kirundi. Kisha akarudia kwa Kiswahili, ili kila mtu pale asikie. "Usimulilie. Bukuru ameenda kuokota kuni. Umebaki na mumoja. Ukimulilia yule, unamuita huyu."

Akaninyooshea kidole. Mama akaniangalia, halafu akakimeza kile kilio. Nilikiona kinapita kooni.

Hivyo ndivyo tulivyofika Songo, na hivyo ndivyo mama alivyopoteza uwezo wa kukaa. Alikuwa anafagia uwanja aliokwisha kufagia, anaenda kuchota maji na pipa limejaa. Ukimpa kiti anakaa pembeni yake kama anayengoja kuitwa kwenye bureau, halafu huyo, ameinuka. Nyokuru alikuwa anamchunga macho. Hata vitunguu Nyokuru alivikata mwenyewe, mama asije akatoa chozi likakosea njia. Na mimi nikakua nikijua kwamba maisha yangu yanakaa ndani ya macho ya mama. Watoto wengine waliruka kamba. Minye nilikuwa nachunguza kope za mzazi, kama ni kavu, niende kucheza.

Halafu akagundua vilio vya watu. Maiti wa jirani si damu yako, unaweza kumlilia mpaka ukauke, sheria haina neno. Nyokuru aliliona hilo, akamwacha aende. Sijui kama alimhurumia au alichoka.

Sasa siku moja akafa mzee mmoja Mufuliiru, wa kabila lingine, jirani yetu wa upande wa juu, mzee aliyezeeka vizuri, mwenye wajukuu wa kujaza lori. Binti yake, Mama Riziki, alikuwa na mdomo mkali kuliko huu wangu. Tukaenda. Mama akakaa miguuni pa maiti, akaanza kama kawaida, na siku hiyo sauti ikamtoroka. Akasema, umeondoka meno yako ya mbele bado hayajaota. Hapo hakuna aliyeshtuka, maana mzee naye meno ya mbele hakuwa nayo. Akaendelea. Akasema, umeniacha na kaputula yako mkononi, nimeshona kifungo, nani sasa ataivaa.

Mwanamke mmoja akacheka kwa pua. Mzee yule mtaa mzima ulimjua kwa koti lake la suti, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Wengine wakashindwa kujizuia. Katikati ya kicheko hicho Mama Riziki akainua kichwa, macho mekundu, akauliza polepole, "Mama, weye unamulilia nani hapa?"

Mama akafunga kinywa. Akanitafuta kwa macho, akaniona, akaninyanyua na ukubwa wangu wote, akakimbia na mimi mpaka nyumbani, miguu yangu ikimgonga magoti.

Juma hilo hilo nikapata homa.

Leo najua: ni mbu. Hata wakati ule kila mtoto wa Songo alikuwa anatetemeka kwa malaria yake bila kuwa na pacha wa kumwita. Lakini jaribu kuingia kwenye nyumba ile umwambie mama habari za mbu. Mtoto wa kiume amelilwa mbele ya watu, kwa kaputula yake, kwa meno yake, na mtoto wa kike ameanguka. Nyokuru hakusema nilikuambia. Afadhali angesema. Alikaa karibu na mkeka wangu akinipa kinini na maji, kwa sababu mama alikuwa amekataa kunigusa. Mama alisimama mlangoni, mikono nyuma ya mgongo. Nikamwita. Akajibu, "Niko hapa," na hakuja. Nikaita tena, akajibu vile vile. Kisha nikasikia hatua zake zinazunguka nyumba, zinapita dirishani, zinarudi, zinapita tena. Mama yangu aliogopa mikono yake mwenyewe. Aliamini kwamba kupenda kwake ndiko kunakoniua.

Jua likiwa katikati, wakaja wanawake. Mama Riziki mbele, kitenge cha msiba kiunoni, na nyuma yake wengine waliokuwa pale siku ile ya kicheko, hata yule muuza mawese. Kulikuwa pia na mama Munyamulenge aliyeteremshwa na vita kutoka milima ya Hauts Plateaux, ambaye mtaani watu walikuwa wanampita bila kumwamkia kwa sababu ya kabila lake. Nyokuru akadhani wamekuja kutaka ugomvi. Akaenda kuziba mlango kwa mwili wake, mwembamba kama mwiko.

Mama Riziki akamwamkia kwa heshima zote. Akasema tangu siku ile kaputula haikumtoka kichwani. Ameuliza huku na huku, ameambiwa tulitoka Nyakabere, na kwamba kwenye hii nyumba kuna Mama Mapasa mwenye mtoto mmoja.

"Huyu mama alimulilia baba yangu kuliko minye," akasema. "Wa kwake nani alimulilia?"

Nyokuru akajibu kwamba hapa hakuna kilio, na akawaeleza sheria, kwa kirefu, kama mtu anayemsomea mgeni amri za kanisa. Mama Riziki akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo sheria inafunga nani, Nyokuru?"

"Damu yake."

"Sasa minye niko damu yenu? Minye Mufuliiru. Huyu wa mawese ni Mubembe. Na huyu mama wa kule juu, hata salamu hamumupatiaka."

Bado namuona Nyokuru.  Mwanamke aliyekuwa amelinda kitu kimoja kwa mikono miwili kwa miaka, akageuzageuza maneno yale akitafuta tundu, asilione. Kisha akatoka mlangoni, akaingia ndani, akaleta mkeka mkubwa, akautandika uwanjani mwenyewe.

"Jina lake nani?" Mama Riziki akauliza.

Mama alikuwa kwenye kona ya nyumba. Midomo ikacheza, neno halikuja. Kwa hiyo nikajibu minye, kutoka ndani, na sauti yangu ya homa. "Bukuru. Ameenda kuokota kuni."

"Basi," akasema Mama Riziki, na sauti ikamvunjikia hapo hapo, "tumulilie huyo wa kuni."

Wakalia. Muuza mawese ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, kawaida ya wenye midomo. Mama Munyamulenge akalia kwa lugha yake, ambayo na Kirundi chetu ni ndugu, nikawa namsikia neno kwa neno: mwana wanje, mwana wanje, mwanangu, mwanangu. Waliyachukua maneno ya mama kama alivyoyaacha kwa mzee, ile kaputula, kile kifungo, yale meno, wakayarudisha yote kwa mwenyewe. Mama akasimama akisikiliza. Kisha akaingia, akaninyanyua kwa mikono miwili, akatoka na mimi, akakaa katikati yao. Akakaa kweli, na matako yote, mgongo umeegemea ukuta. Macho makavu. Lakini sikio langu lilikuwa kifuani pake, na huko ndani kulikuwa kunalia.

Na akalala. Pale pale, mchana, kelele kila upande, kichwa kikaanguka begani. Wanawake walipoona hivyo hawakuacha. Walishusha sauti tu. Wakaendelea kumlilia kaka yangu kwa chini chini, wasimwamshe mama yake.

Homa ikaniacha. Kinini au kilio? Siulizi tena. Nyokuru, mpaka alipokufa, alikuwa anadai kwamba ule mlango wa kuwaachia majirani walie aliujua siku zote. Tulimwachia.

Mimi nikasoma. Nina licence, digrii ya chuo, niko chômeur wa kudumu, mtu asiye na kazi, natembeza farde yangu ya vyeti kwenye mabureau ya Uvira tangu nivae toga ya kuhitimu. Nimekaa kwenye masemina ambako kijana mwenye viatu vya kung'aa aliandika traumatisme kwenye tableau, akaandika résilience chini yake, akapiga mstari. Nikafikiria mkeka wa Nyokuru. Hakuna aliyewafundisha wale wanawake kitu. Hakuna aliyewagawia tisheti.

Mama yuko. Anakaa kwenye viti siku hizi, analala, anasinzia hata kanisani. Vilio bado anakwenda, lakini anamlilia maiti aliyeko mbele yake, na anauliza jina kwanza. Bukuru mwenyewe hajamtolea chozi hata leo. Nilimwambia safari moja, mama, mimi ni mtu mzima, nimesoma, sitakufa, mulilie mutoto wako. 

"Nikikosea," akasema, "nitamuuliza nani?"

 Jambo hilo nilizoea kuliita woga wa watu wasiosoma. Sasa naona ni mama aliyeweka kwenye mizani kilio chake na pumzi yangu, na kila asubuhi anaamka na kuchagua pumzi yangu tena. Sijui ningeweza.

Ila nyinyi mliobeba serum ile. Nyinyi mliobeba milango. Nawajua mko wapi, maana farde yangu naiacha mezani kwenu: mmepewa vyeo, mmepewa climatisation ya kupoza ofisi, wengine wenu mnafungua semina za amani kwa sala. Sheria ya mapasa inafunga damu yake tu. Nyinyi si damu yake, hamna excuse. Njooni Songo, mchana, bila walinzi. Rudisheni kwanza dawa kwenye ile dispensaire, na mlango, ili mama mwingine akipiga hodi ajibiwe. Halafu mje kwa mama yangu, mukae chini, mumulilie mutoto wake. Yeye hawezi. Nyinyi munaweza.