Nusu ya Ndevu za Mwalimu Mkuu

"Hiki kidonge kitanimaliza, dada. Nikikimeza tu, baada ya muda mikono inatetemeka kama ya mwizi," mume wangu alilalamika, glasi ya maji mkononi.

Wifi yangu hakumpa nafasi. Wote wawili wana kisukari na dawa yao ni ileile. Yeye humeza, akafua, akapika, akasema watu mpaka jioni bila hata kizunguzungu.

"Tumbo moja lilituzaa," akamwambia. "Mimi sidondoki, wewe mwanamume mzima unadeka. Meza."

Akameza. Alikuwa ameshakula, hata kisingizio cha njaa hakuwa nacho.

Sasa, mume wangu ni kinyozi wa wembe. Watu humpa shingo zao na kufumba macho. Asubuhi hiyo kitini alikaa mwalimu mkuu, kidevu juu, uso mzima povu. Shavu la kulia likaisha, safi. Wembe ulipoteremka kooni, mimi nakunja taulo, nikaona jasho linamtiririka mume wangu na wembe unacheza juu ya mshipa. Sikupiga kelele. Mwalimu angeshtuka, na angeshtuka ndiyo basi tena. Nilikishika kile kiganja taratibu, nikautoa wembe. Hapohapo akadondoka. Nikamnywesha maji ya sukari, na mwalimu, na povu lake, akanisaidia kumkokota hadi zahanati.

Daktari alimtoboa kidole, akakunja uso. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Wifi, aliyekuwa ametufuata mbio, akaanza tena habari za tumbo moja.

"Tumbo moja, mama, lakini hamkurithi sawasawa," daktari alimwambia. "Mwili wako unaivunja hii dawa upesi. Wake, nadhani, unaivunja polepole tangu azaliwe, kwa hiyo inamlimbikia. Kidonge chako kimoja, kwake ni kama viwili."

Akambadilishia dawa. Wifi ndiye aliyemshika mkono kurudi nyumbani, na habari za tumbo moja zikaishia hapo.

Mikono ikatulia, lakini habari zilishazagaa, na kiti kikabaki kitupu. Nani atampa shingo tena?

Jumamosi mwalimu mkuu akaingia, skafu imemfunika mpaka puani. Akaifungua: upande mmoja kipara, upande mmoja kichaka. Kwa kinyozi mwingine, alisema, angeulizwa nani alimkimbia katikati ya kunyolewa.

"Nakudai shavu moja na koo," akasema, akainua kidevu.

Mume wangu akampaka povu, akashika wembe. Wifi alikuwa mlangoni, ameng'ang'ania fremu. Wembe ukapita shavuni, ukateremka kooni, ukapanda tena. Haukucheza.

Mwalimu akajipapasa shingo, huku na huku.

"Haya. Hatudaiani."

Wa kwanza kutafuta pa kukaa alikuwa wifi, yeye asiyedondoka.